KIJIJI CHA DORCHESTER NA NYUMBA ZAKE ZA IBADA
Somo la historia ya Kanisa



Katika mitaa yetu mingi yako makanisa ambayo wazee wetu waliyajenga kwa mawe na chokaa, wakibeba mawe kichwani na maji kutoka mtoni. Leo mapaa yanavuja na kuta zimepata nyufa. Mkutano wa mtaa ukikaa, maneno huwa mengi. Mmoja husema tubomoe tujenge jipya, mwingine husema tutengeneze la zamani. Halafu hutokea swali gumu zaidi: kanisa hili ni la nani? Ni la Askofu? Ni la wamisionari waliokwisha rudi kwao? Ni la ukoo uliotoa kiwanja? Au ni letu sisi tunaosali humo?

Maswali haya si mapya. Nimeona vema tujifunze kwa kijiji kimoja kidogo cha Uingereza kiitwacho Dorchester, kilichoko kusini mashariki ya mji wa Oxford, umbali wa kilometa kama 13. Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoanzisha Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliyoleta Injili Unguja na sehemu nyingi za bara. Kwa hiyo historia ya kijiji hiki ni historia ya jirani wa waliotuzaa katika imani. (Uko mji mwingine wa Dorchester kusini ya Uingereza, katika wilaya ya Dorset. Msomaji asiichanganye.)

Mahali penyewe

Mto Thame ni mto mdogo. Unapita kando ya kijiji, na mbele kidogo unaingia katika Mto Thames, ule mkubwa unaokwenda hadi London na baharini. Kijiji kimekaa karibu na makutano ya mito hiyo miwili. Wakazi wake ni watu wapatao elfu moja tu. Lakini mgeni akivuka daraja huona mbele yake kanisa refu sana, ambalo lingefaa mji mkubwa. Mara hujiuliza: watu wachache hivi walilipata wapi kanisa kubwa namna hii?

Jibu linaanza zamani. Mahali penye maji, ardhi ya rutuba na njia ya mitumbwi hupendwa na watu wa kila zama. Kabla ya Kristo watu walichimba mahandaki na kuinua maboma ya udongo kutoka mto hadi mto, na maboma hayo yanaonekana hata leo. Kisha Warumi wakaja, wakajenga hapo mji mdogo wenye ukuta.

Mwaka 1731 ilichimbuliwa hapo madhabahu ya jiwe ya Warumi yenye maandishi. Jiwe lenyewe lilipotea baadaye, lakini maandishi yake yalikuwa yamenakiliwa. Yalisema kwamba Marcus Varius Severus, ofisa wa liwali, alimtolea mungu Jupita na roho za Makaisari madhabahu hiyo pamoja na uzio wake, kwa gharama yake mwenyewe. Basi jambo la dini la zamani kabisa tunaloweza kulisoma katika Dorchester ni habari ya mtu aliyetoa fedha yake ili pawe na mahali pa ibada. Hakumjua Mungu wa kweli, lakini alijua kutoa.

Ubatizo wa mfalme

Warumi wakaondoka, na Wasaksoni wakaitawala nchi. Hawa walikuwa wapagani. Habari za jinsi walivyopata Injili tunazo katika kitabu cha historia cha mtawa Bede, alichokimaliza mwaka 731.

Bede anaeleza kwamba alikuwako mtu jina lake Birinus, aliyeahidi mbele ya Papa Honorius wa Kwanza kwamba atakwenda kupanda mbegu ya imani ndani kabisa ya nchi ya Waingereza, mahali ambapo hakuna mwalimu aliyetangulia. Akawekwa wakfu kuwa askofu na Asterius huko Genoa. Alipofika pwani ya kusini aliwakuta watu wa hapo wote ni wapagani kabisa. Akafikiri: kwa nini nipite hawa nikawatafute wengine walio mbali? Akabaki nao.

Mwaka 635 Cynegils, mfalme wa Wasaksoni wa Magharibi, akabatizwa. Siku hiyo alikuwapo Oswald, mfalme Mkristo wa Northumbria, aliyekuja kumwoa binti yake. Oswald ndiye aliyesimama kuwa baba wa ubatizo wa Cynegils, hata mkwe akawa baba wa mkwewe kwa njia ya imani. Wafalme hao wawili wakampa Birinus mji wa Dorchester awe na kiti chake cha uaskofu hapo. Birinus akajenga makanisa na kuyaweka wakfu, akawavuta watu wengi kwa Bwana. Alifariki yapata mwaka 650, akazikwa Dorchester. Kanisa la Uingereza humkumbuka tarehe 4 Septemba.

Msidhani kwamba mfalme akibatizwa nchi yote imekwisha kuwa ya Kikristo. Mwana wa Cynegils, jina lake Cenwalh, alipotawala baada ya baba yake alikataa kabisa kuipokea imani. Ni mpaka aliponyang'anywa ufalme na kukimbilia ugenini ndipo alipobatizwa huko. Imani hairithiwi kama shamba. Kila mmoja huingia majini kwa nafsi yake.

Askofu asiyejua lugha

Cenwalh alirudishiwa ufalme wake, na baadaye akaja kwake askofu aitwaye Agilbert, mtu wa Gaul, nchi iitwayo leo Ufaransa. Alikuwa msomi sana. Mfalme akamkalisha Dorchester mahali pa Birinus. Lakini miaka ikapita, na Agilbert hakukizoea Kisaksoni, wakati mfalme hakujua lugha nyingine. Bede anasema mfalme alichoka na usemi wake wa kigeni. Akaigawa nchi pasipo kumshauri, akamweka Winchester askofu mwingine, Wine, aliyeijua lugha ya watu. Agilbert akakasirika, akaondoka, na mwishowe akawa Askofu wa Paris.

Sisi tuliokuwa walimu tunaielewa habari hii upesi. Mwalimu anaweza kuwa na elimu tele kichwani, lakini asipoijua lugha ya watoto atafundisha kuta. Linganisheni na Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 akaketi na watu wa hapo, akawauliza maneno yao na kusikiliza hadithi zao. Mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kikatolewa. Kazi yake ilidumu, maana neno lililowekwa katika lugha ya watu haliondoki na mleta neno.

Kiti cha askofu chaondoka mara mbili

Baada ya hayo Winchester ikakua na Dorchester ikafifia. Hedda, Askofu wa Winchester, akauchukua hata mwili wa Birinus akauzika upya Winchester.

Miaka ya 800 Wadeni walivamia sehemu za kati za Uingereza. Askofu wa Leicester hakuweza kukaa tena kwake, na kiti chake kikahamishiwa Dorchester. Hivyo kijiji kikawa tena makao ya askofu, safari hii wa dayosisi kubwa mno, kutoka Mto Thames hadi Mto Humber upande wa kaskazini. Lakini Wanorman walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mambo yakabadilika. Askofu Remigius, aliyewekwa mwaka 1067, aliona kwamba kijiji kilichoko pembeni mwa dayosisi hakifai kuwa makao. Katika miaka ya 1070 akakihamishia kiti Lincoln.

Mara mbili, basi, kijiji kilikuwa na kiti cha askofu, na mara mbili kikanyang'anywa. Waliobaki ni wakulima, wavuvi na wasaga nafaka, watu wale wale waliokuwa wakileta watoto wao kubatizwa. Heshima ilipokwenda, Kanisa lilibaki.

Makanoni, na ugomvi juu ya masalia

Yapata mwaka 1140 Alexander, Askofu wa Lincoln, alianzisha Dorchester abasia ya makanoni wa Mtakatifu Augustino, yaani mapadre waliokaa pamoja chini ya kanuni moja, wakisali saa zote na kushiriki mali zao. Ndio waliojenga lile kanisa refu, wakaliongeza kidogo kidogo kwa miaka mia mbili.

Hapa inakuja habari isiyopendeza. Katika siku zile mahujaji walikwenda kuomba mahali palipozikwa watakatifu, na mahujaji huleta sadaka. Katika miaka ya 1220 makanoni wa Dorchester walidai kwamba mwili wa Mtakatifu Birinus ungali kwao, haukuhamishwa kamwe. Watu wa Winchester wakakataa, na kitabu cha Bede kilikuwa upande wao. Papa Honorius wa Tatu akamwagiza Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury, achunguze. Langton aliona shida, maana ushahidi wa Bede ulikuwa wazi. Hata hivyo, yapata mwaka 1320 makanoni walijenga kaburi zuri la mawe yaliyochongwa kwa heshima ya Birinus, na mahujaji wakaja.

Sitaki tuwahukumu upesi. Huenda waliamini kweli waliyoyasema. Lakini tuone hatari iliyopo: haja ya fedha ikiingia katika kueleza historia ya Kanisa, ukweli huanza kupindishwa pole pole, na watu wema hawatambui. Birinus hakuhitaji mifupa yake ithibitishwe ili kazi yake iwe ya kweli. Kazi yake ilikuwa wale aliowabatiza.

Vitu vya kufundishia watu wasiojua kusoma

Ndani ya kanisa hilo vimo vitu viwili ambavyo kila Mkristo angependa kuviona.

Cha kwanza ni birika la ubatizo. Limetengenezwa kwa risasi, yapata mwaka 1170. Kulizunguka zimo sanamu za watu 11 walioketi, kila mmoja chini ya tao lake. Ni Mitume pasipo Yuda. Risasi ni laini, huyeyuka upesi motoni, na mabirika mengi ya namna hiyo yalifanywa mabomba na risasi za bunduki. Hili lilipona.

Cha pili ni dirisha la Yese, la yapata mwaka 1340, katika ukuta wa kaskazini karibu na altare. Chini amelala Yese, baba yake Daudi. Kutoka kwake unatoka mti, na mti huo si picha tu, maana nguzo za jiwe zinazoshika vioo ndizo matawi yake. Juu ya matawi wamechongwa wafalme na manabii, na wengine wamechorwa katika vioo. Ni Isaya sura ya 11 na Mathayo sura ya 1 zilizoandikwa kwa mawe. Mkulima asiyejua herufi hata moja aliweza kusimama mbele ya dirisha hilo akafundishwa kwamba Bwana wetu alizaliwa katika ukoo wa watu, kama sisi tunavyozaliwa. Sanamu ya Bikira Maria na Mtoto iliyokuwapo ilivunjwa. Mti umebaki, tunda lake limeondolewa.

Paundi 140

Sasa tufike kwenye kiini cha somo letu.

Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba zote ndogo za watawa ambazo pato lake halikufika paundi 200 kwa mwaka. Abasia ya Dorchester ilikuwamo. Makanoni wakatawanywa, ardhi ikachukuliwa na mfalme, kaburi la Birinus likabomolewa. Kote nchini makanisa ya abasia yaliuzwa vipande vipande. Kitu cha kwanza kutolewa kilikuwa mabamba ya risasi ya kuezekea, kwa kuwa yalikuwa na bei nzuri. Paa likitoka mvua huingia, na katika miaka michache kuta huanguka. Ndivyo yalivyokufa makanisa mengi makubwa ya Uingereza. Leo ni magofu, na kondoo hula majani pale palipokuwa altare.

Dorchester watu walikuwa wakisali katika sehemu moja ya kanisa, na sehemu ya altare ilikuwa ya makanoni. Hiyo ya makanoni ndiyo iliyokuwa hatarini. Akatokea tajiri mmoja wa mahali hapo, jina lake Richard Beauforest, akainunua kwa paundi 140, bei ya risasi iliyokuwa juu yake. Fikirini hesabu hiyo. Angekuwa mfanya biashara tu, angeivua risasi, angeiuza, na fedha yake ingerudi yote. Hakufanya hivyo. Aliacha paa mahali pake, na katika wosia wake wa mwaka 1554 akawaachia watu wa mtaa kanisa hilo pamoja na vyombo vyake. Tena akaweka sharti, kwamba watu wa mtaa wasiuze wala wasibadili vyombo hivyo pasipo idhini ya warithi na wasimamizi wa wosia wake.

Angalieni alivyofanya kwa akili. Kwanza alilipa. Pili aliandika. Tatu hakuwaachia watoto wake wala padre mmoja, bali watu wa mtaa wote. Kama angekufa pasipo kuandika, warithi wangegombana, na kanisa lingegawanywa kama shamba. Karatasi moja ndiyo iliyoliokoa kwa vizazi vilivyofuata.

Kutunza ni kazi ya kila kizazi

Lakini kupewa kanisa kubwa ni furaha na mzigo pia. Wanakijiji wachache walipaswa kulitunza jengo lililojengwa na abasia. Walijitahidi. Mnara ulijengwa upya mwaka 1602. Nyumba ya wageni ya abasia haikubomolewa. Katika karne ya 17 ikawa shule, na leo imo makumbusho ya kijiji. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1840 kanisa lilikuwa katika hali mbaya. Ndipo ilipokusanywa michango, na mafundi wakuu wawili, William Butterfield na baada yake George Gilbert Scott, wakasimamia matengenezo yaliyochukua karibu miaka 30. Kwa kuwa fedha ilikuwa haba, walifanya sehemu moja, wakangoja, kisha wakaendelea na nyingine.

Katika matengenezo ya karne hiyo vilipatikana vipande vya lile kaburi la Birinus, vimejengewa ndani ya ukuta. Mwaka 1964 kaburi likaundwa upya, vipande vya zamani vikiwekwa pamoja na vipya.

Na tusiwasahau ndugu wengine. Ng'ambo ya Mto Thame, mahali paitwapo Overy, ilikaa familia ya wakulima, akina Davey, walioshika imani ya Kikatoliki katika miaka mingi ambayo kufanya hivyo kulikuwa hatari au hasara. Mwaka 1849 John Davey alijenga karibu na daraja kanisa dogo zuri la Mtakatifu Birinus, ambalo fundi wake alikuwa William Wardell. Makanisa hayo mawili, moja kubwa la Kianglikana na moja dogo la Kikatoliki, yote yanamheshimu mmisionari yule yule.

Mwaka 1878 kijiji kilipata tena kazi kama ile ya Birinus, maana kilifunguliwa hapo chuo cha kuwafundisha wamisionari wa kwenda nchi za mbali. Chuo hicho kilikwisha fungwa. Na tangu mwaka 1939 Dayosisi ya Oxford imekuwa na askofu msaidizi mwenye jina la Dorchester. Kiti hakikurudi, lakini jina limerudi.

Yatupasayo sisi

Tumeona mwanzoni swali: kanisa ni la nani? Dorchester inatujibu kwamba mfalme alilitoa na mfalme mwingine akalitwaa, askofu alikuja na askofu akaondoka, makanoni walijenga na makanoni wakafukuzwa. Waliokaa siku zote ni watu wa mtaa. Kwa hiyo wao ndio walinzi, ingawa mwenyewe ni Mungu. Mlinzi hauzi, wala halali.

Nawasihi wazee wa kanisa wafanye mambo haya. Wakague hati ya kiwanja cha kanisa, ipo wapi na imeandikwa kwa jina la nani. Kama kiwanja kilitolewa kwa mdomo tu na mzee aliyekwisha fariki, twendeni kwa watoto wake mapema, tuandikiane mbele ya mashahidi, kabla wajukuu hawajazaliwa wasioijua ahadi hiyo. Waandike orodha ya vyombo, yaani kalisi, misalaba, vitabu na kengele, na kuisoma mbele ya mkutano kila mwaka. Daftari za ubatizo ziwekwe mahali pasipo mchwa wala mvua. Na paa litazamwe kabla ya masika, maana bati moja lililong'oka leo ni boriti iliyooza kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juu ya kubomoa au kutengeneza, sitoi amri. Liko jengo lililokwisha kabisa, na kulishikilia ni kuwahatarisha watu. Lakini kabla ya kubomoa tuulize fundi mwaminifu, si yule atakayepewa kazi ya kujenga jipya. Na hata tukibomoa, birika walilobatiziwa wazee wetu tulihamishe kwa heshima, liingie katika kanisa jipya kabla ya kiti cha mtu ye yote.

Maswali ya kujadiliana

1. Birinus alikusudia kwenda mbali, akabaki na wapagani wa karibu. Ni watu gani wa karibu nasi ambao tunawapita?
2. Kwa nini Agilbert alishindwa? Je, mahubiri yetu yanafahamika kwa vijana na kwa wazee?
3. Someni Isaya 11:1-10 na Mathayo 1:1-17. Dirisha la Yese lilifundisha nini? Ndani ya kanisa letu ni kitu gani kinachomfundisha asiyejua kusoma?
4. Richard Beauforest alilipa, akaandika, akawaachia watu wote. Katika mambo hayo matatu mtaa wetu umepungukiwa na lipi?
5. Ni nani katika mtaa wetu anayejua mwaka ambao kanisa letu lilijengwa, na majina ya waliobeba mawe? Aandikwe kabla hajatutoka.